Gari Langu Lililolala

Juzi niliponzwa na mvua, ingawa kosa ni langu. Kwa sheria, gari lisilotembea halilipiwi kodi ya barabara, mradi mwenyewe aende bomani akaape. Kulipa sikutaka, na kulowa sikutaka. Nikatoka Buguruni na gari hilo hilo, nikaliegesha nyuma ya boma.

“Shikamoo, mzee,” alisema karani. “Ukisema uwongo, gari litachukuliwa. Kweli halitembei?”

“Marahaba, mwanangu. Limelala nyumbani. Shahidi wangu ni kuku, hutaga kwenye kiti cha nyuma.”

Alikuwa akichovya kalamu niliposikia, nje ya dirisha, kuku aliyemaliza kutaga akitetea kwa nguvu ndani ya gari langu.

Karani akachungulia.

“Mzee,” akasema taratibu, “shahidi wako huyo anakutetea.”