Nyekundu ya Alasiri

Kwa miaka Nusaiba alitukanwa kwa makosa ya vifaa. Mtandao wa yadi ya makontena kule Changamwe ukikatika, malori yakapanga foleni hadi barabarani, wa kulaumiwa ni yeye, fundi pekee wa mtandao. Naye angejuaje ni swichi gani iliyokufa, katika visanduku vyote vile vilivyounganisha kompyuta za yadi, bila kukimbia juani jengo hadi jengo akifungua makabati?

Akamwomba meneja, Clifford, ruhusa ya kuziwekea swichi jicho. Aliziingia moja moja, akaipa kila moja nywila ya kutazama tu, isiyoweza kubadilisha chochote, hali zake zikaonekana kwenye skrini moja ofisini: kijani pazima, nyekundu pamekatika. Kwa pupa ya mtu aliyechoka kusingiziwa, akaongeza hata tundu la waya wa kompyuta ya kila mfanyakazi.

Juma halikuisha, Clifford akaifanya skrini ile nyapara. Alimgombeza Bi Mwanatabu, karani wa mizani, mbele ya madereva: kila alasiri tundu lake ni jekundu, kumbe analipwa kwa kulala.

Nusaiba alipopata habari, damu ilimchemka. Yadi nzima yajua kwamba Bi Mwanatabu akienda kuswali huzima kompyuta hadi soketini, tangu umeme uliporudi kwa kishindo ukaiunguza ile ya kwanza. Haondoki muda mrefu. Wenzake huziacha zao zikiwaka wakaenda kula viazi karai hadi wachoke, na skrini inawapaka kijani. Anayetunza mali ndiye mvivu!

Siku ya pili tundu la mizani likabaki kijani. Nusaiba akaenda. Adhana ilikuwa imekwisha, na mama wa watu yuko kitini, mswala umekunjwa mapajani.

"Shikamoo, Bi Mwanatabu. Huendi kuswali?"

"Marahaba, mwanangu. Nitailipa nyumbani. Hiyo taa yako yaniangalia."

Yako. Neno hilo lilimchoma kuliko matusi yote ya Clifford. Alirudi ofisini akayaondoa matundu ya wafanyakazi, akabakisha swichi tu, kisha akampa Bi Mwanatabu habari.

Clifford akaja juu, akamwambia ayarudishe kabla ya Ijumaa ama kazi hana.

"Niliweka jicho la vifaa, bosi. Ukitaka kumwona Bi Mwanatabu, nenda mizani ukamtazame usoni."

Hakuyarudisha. Ijumaa, adhana ya alasiri ilipokwisha, kompyuta ya mizani ilikuwa imezimwa hadi soketini, na kiti kilikuwa kitupu, mswala haupo.