Mstari wa Kamati ya Maji

Nilitaka uenyekiti wa kamati ya maji. Kwa muda mrefu nimekana, nikidai majirani ndio walionisukuma. Hakuna aliyenisukuma. Siku ya mkutano hapa Lusahunga nilivaa kitenge nilichokuwa nimekitunza kwa ajili ya harusi, nikaketi mahali ambapo hata asiyetaka kuniona angeniona.

Bomba letu ni moja. Madereva wa malori yaendayo mpakani Rusumo waligundua kwamba linafaa kuoshea magari, na kila wakiosha, ndoo zetu zinakaa kwenye foleni mpaka jua linazama. Kamati iliyopita iliweka kibao cha kuwakataza. Madereva wakawa wanaanikia taulo zao juu yake.

Mpinzani wangu alikuwa mama anayewauzia madereva haohao chapati. Sauti yake inavuka barabara injini zikiwa zinanguruma. Mimi nina shahada. Nilidhani jambo hilo linajieleza.

Kwetu kura ya kamati hupigwa kwa miguu. Wagombea wanasimama mbele wakiwapa watu mgongo, na kila mkazi anajipanga nyuma ya anayemtaka. Mgombea hageuki. Basi nikasimama nikitazama ukuta wa duka la mbolea, nikiwatambua wafuasi wangu kwa vikohozi vyao. Nilipoisogeza shingo kidogo tu, mpinzani wangu akasema bila kunitazama, "Mama, ukigeuka utakuwa nguzo ya chumvi. Na chumvi tunayo."

Watu wakacheka, wa mstari wangu pia.

Mistari ikatoka sawa. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee asiyependa haraka, akahesabu upya. Ikawa sawa tena. Ndipo mtu akakumbusha kwamba kuna mkazi hayupo: mume wangu, aliyekwenda Mbuba kumsaidia mama yake kupanda maharage. Wakapendekeza apigiwe simu, sauti ifunguliwe, wote wasikie. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba sina pingamizi. Kichwani nilikuwa nimeshaanza hotuba ya shukrani. Mpinzani wangu naye akasema apigiwe tu. Nilimhurumia.

Mume wangu akapokea, akamwamkia mzee, akaitikiwa marahaba, akaelezwa. Kwenye simu kukasikika viganja vikisuguana. Nadhani alikuwa anajipangusa udongo.

"Mama chapati," akasema.

Mwenyekiti akamuuliza, kwa upole, kama anafahamu kuwa mgombea mwingine ni mke wake.

"Nafahamu, mzee. Hapo panatakiwa mtu wa kugombana na madereva. Huyu wangu akikasirika ananuna wiki nzima. Sasa dereva atajuaje kwamba amenuniwa?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, yote mazuri. Mwenyekiti akanisogezea simu ili niseme neno. Nikautazama ukuta wa duka la mbolea.

"Haloo?" mume wangu akaita. "Mama, upo hapo?"

Watu wakasubiri. Malori yakapita.

"Mnaona?" akasema.