Kilio Nilichokichukua kwa Mama

Siku yangu ya kwanza kazini niliondolewa jukwaani kwa sababu ya kulia vibaya. Jukwaa lenyewe lilikuwa uwanja wa mbele ya kanisa letu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mimi, msichana wa kwaya, nilikuwa nimepewa nafasi ya mjane. Kiongozi wa kikundi cha maigizo, Mkongo mwenzetu tuliyemwita Shefu, alinitazama nikifuta macho kwa ncha ya kitenge, akainua mkono.

"Batu ba nyuma habaone macho yako," aliniambia. "Ulie na tumbo, weye."

Kulia na tumbo, vijana wangu, ni kushusha pumzi chini, kuanza na sauti nzito, kisha kuipandisha polepole kama wimbo. Nilijaribu nikashindwa. Ndipo nikakumbuka jinsi mama alivyomlilia baba kule Kivu: mlio mrefu, kimya kifupi, halafu jina la baba likikatika katikati. Kesho yake nikautoa ule ule. Uwanja mzima ukanyamaza, wanawake wakajifunika nyuso. Nikawa mwigizaji.

Mama alikuwa amekaa mbele. Nyumbani, akichambua maharage, aliniuliza, "Ile sauti uliitoa fasi gani?"

"Ni Shefu alinifundisha," nikamjibu.

Aliendelea na maharage yake. Hakuja tena kunitazama.

Kilio hicho kilinipeleka kambi ya jeshi ya Makenke, kuimba na kuigiza mbele ya familia za askari, kisha Mbarara mjini, kwenye michezo ya redio. Huko mkubwa wangu alikuwa Produsa, Mnyankole mpole asiyependa kelele. "Nyabo, punguza," alikuwa akisema, akiniita bibi kwa heshima ya kwao. "Maiki iko karibu, hapa si soko." Nikajifunza kugeuza uso pembeni ya maiki ili sauti isipasuke. Wauza matoke wakaanza kunitania: "Mama Kilio, lia kidogo tusikie." Nami, kwa majivuno yangu, niliwalilia, tukacheka pamoja.

Mama alipofariki tulimzika Nakivale. Jeneza liliposhushwa, kilio kilinitoka bila kukiita. Kilikuwa kile kile cha jukwaani, pamoja na kimya chake kifupi. Sikuwa na kingine. Nikasikia mtu akicheka chinichini, na mwingine akaninyooshea simu anirekodi. Jirani yetu, mama mwema aliyemwosha marehemu kwa mikono yake, akanishika bega.

"Basi, mama, tumesikia. Umecheza muzuri."

Nilitamani ardhi inimeze nami nishuke na jeneza. Nikajiziba mdomo kwa kitenge hadi udongo ulipojaa.

Watu husema nimestaafu kwa uzee. Nilistaafu pale kaburini. Siku hizi naimba kwaya tu, safu ya nyuma, na wasichana waigizaji huja kuniomba niwafundishe kile kilio. Nawafundisha pumzi, nawafundisha maiki. Kilio chenyewe nawaambia nilishakirudisha kwa mwenyewe. Nawadanganya, na aibu hii nayo ni yangu. Bado ninacho, hapa tumboni, na mama sijamlilia hadi leo.