Mjomba Avipa Viunzi Mgongo

Mjomba alikuwa na sauti ya kusimamisha lori mteremkoni. Asubuhi seremala, jioni kocha, na viunzi vyote vya mbao vya kuruka mbioni pale uwanjani kavipigilia misumari kwa mkono wake. Wanariadha wote walimwita Mjomba, lakini mpwa wa damu, mtoto wa dada yake, alikuwa mmoja tu: yule msichana waliyempa jina la Kijiti kwa wembamba wake.

Kijiti alipasuliwa goti la kulia, likapona. Daktari kasema limepona, hata ngazi anapanda mbio. Ila akikikaribia kiunzi, mguu unasita, kiunzi kinakwenda chini kwaa! Na Mjomba yuko palepale pembeni, mishipa ya shingo imemtoka: "Goti! Angalia goti!"

Sasa siku ya mchujo ikafika. Mbio moja, jioni, wanachukuliwa wawili tu. Asubuhi yake Mjomba na Kijiti wakaitwa kwenye chumba cha vipimo, feni inalia juu kama mbuzi. Mtaalamu wa ubongo, mama mfupi mwenye haraka zake, akamvisha Kijiti kofia iliyojaa nyaya na kumpaka mafuta mazito kichwani.

"Mguu haujinyanyui wenyewe," akasema. "Ubongo unatangulia kidogo, unatuma habari, ndipo msuli unaitika. Mimi naitazama hiyo habari ikitoka. Haya, nyanyua wa kushoto."

Kwenye skrini mistari ikapanda kidogo, ikatulia.

"Wa kulia."

Mistari ikapanda zaidi. Mjomba, aliyekuwa amejibana kwenye kona, uvumilivu ukamwisha. "Goti hilo, mama! Taratibu!"

Mistari ikaruka kama imemwagiwa maji ya moto.

Mtaalamu akageuka. "Wewe baba, hebu toka nje."

Akatoka. Akarudishwa akae kimya. Akaambiwa apige kelele zake za uwanjani, kisha apige kelele za kitu kingine chochote. Akaita bei za mbao. Bei za mbao hazikumshtua Kijiti sana. Goti likitajwa tu, skrini inachafuka.

"Siwezi kukuapia, bado nachunguza," mtaalamu akasema akimfuta Kijiti mafuta. "Ila ninachokiona, kichwa chake kinaulinda mguu badala ya kuuachia kazi uliyoizoea. Na anayekikumbusha ni wewe."

Mjomba akasogea mbele. "Kwa hiyo mimi ndiye mchawi?"

"Hajasema mchawi, Mjomba," Kijiti akadakia. "Kasema kelele."

Njiani Mjomba alikuwa anatembea mbele, mikono nyuma, moyo unamchoma. Yeye ndiye aliyemshika mtoto yule mkono siku ya kwanza anajifunza kutembea tena. Leo aambiwe yeye ndiye mwiba?

Jioni, Kijiti akiwa anafunga kamba za viatu, Mjomba akajikaza. "Nitanyamaza. Neno hutalisikia."

"Hata ukinyamaza, Mjomba, nikiuona mdomo wako tu nalikumbuka goti. Geuka."

"Nigeuke wapi?"

"Utazame ukuta."

"Wewe mtoto una wazimu? Mwaka mzima naisubiri mbio hii, nije nitazame ukuta?"

"Basi chagua. Uone, au nipite."

Mjomba akamtazama. Akautazama uwanja. Kisha akaenda kusimama mbele ya ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo, pua karibu inagusa chokaa, kama mtoto aliyeadhibiwa. Vijana wa mbio ndefu wakaangua kicheko. "Mjomba, umemkosea nani leo?"

Bastola ikalia.

Akasikia miguu. Miguu tu, imechanganyika, huwezi kujua ya nani. Kisha kwaa! Mbao chini. Nani huyo? Shingo ikataka kugeuka yenyewe. Akaegemeza paji la uso ukutani, akang'ata mkono wa shati. Miguu ikaendelea. Kwaa nyingine, mbali zaidi. Watu wakapiga kelele, wengine wanaita jina hili, wengine lile, na yeye yumo gizani mwenyewe, macho kayafumba, jasho linamtiririka mpaka kwenye masikio.

Kelele zikapungua. Hakuna aliyekuja. Hakuthubutu kugeuka.

Halafu akasikia mtu anahema nyuma yake.

"Nani kaangusha?" akauuliza ukuta.

"Wa njia ya tatu. Na yule mrefu."

"Na wewe?"

"Nimeruka vyote. Wa pili."

Mjomba akageuka. Akakaa chini palepale, chokaa puani.

"Hadithia basi," akasema polepole. "Anzia bastola. Kiunzi kwa kiunzi, usiruke hata kimoja."

Kijiti akajitupa kando yake, pumzi bado juu juu, akaanza.