Tulivyopandisha Tani Mia Mbili

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu niliishi na mgeni. Sisemi kwa ubaya. Mume wangu alikuwa dereva wa Fuso, anabeba vitunguu saumu kutoka Mbulu kwenda Arusha, na kwa mwezi mzima alilala nyumbani siku sita au saba. Akifika anaoga, anakula, ananiuliza habari za shule. Namuuliza habari za barabara. Tukishamaliza habari hizo mbili, tunabaki tunaangalia chai ikipoa.

Mimi nafundisha hesabu na fizikia sekondari. Yeye aliishia darasa la saba kule kwao Endasak, akaanza kazi kama utingo, akapanda mpaka kushika usukani. Wazee wa pande zote mbili walielewana, kanisa likatufungisha ndoa, tukapanga vyumba viwili Mbulu mjini. Aliniita "mwalimu." Mimi sikuwa na neno la kumwita. Nilikuwa nasubiri aniangalie, ndipo niseme nilichotaka kusema.

Kuna jambo moja nilimficha. Tangu chuoni nilikuwa nacheza mchezo wa kuunda roketi kwenye kompyuta. Unachagua vipande mwenyewe, matangi, injini, mabawa, unavipanga, kisha unairusha. Ikipanda juu ya kutosha na ikapata mwendo wa kutosha, haianguki tena. Inabaki inazunguka dunia, na njia hiyo ya kuzunguka ndiyo inaitwa obiti. Niliona aibu mke wa mtu kukutwa na mchezo. Kwa hiyo nikisikia mlio wa Fuso linapinda kona ya chini, nafunga kompyuta na kuiweka juu ya kabati.

Likizo ya Pasaka mvua ilinyesha karibu kila siku. Barabara ya kupanda kutoka Dareda ikawa tope tupu, na mume wangu akaliacha gari ng'ambo ya tope hilo, akamalizia safari kwa bodaboda na kwa miguu. Hakukuwa na mlio wa kunionya. Nilishtukia amesimama nyuma yangu, viatu mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Kwenye kioo roketi yangu ilikuwa imepinduka na inashuka kichwa chini. Ikalipuka.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Ni mambo ya shule," nikasema.

"Shule gani hiyo wanachoma vitu?"

Nikamweleza ukweli. Nilitegemea acheke au anyamaze. Akavuta kigoda, akakaa, akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote kuhusu mchezo ule.

"Ilikuwa imebeba nini?"

"Haikubeba kitu. Ilikuwa inaenda yenyewe."

"Kwenda kufanya nini sasa?" Alikuwa anauliza kweli. "Gari haliondoki tupu, mwalimu. Mzigo wako mkubwa kabisa ulikuwa tani ngapi?"

Nikamwambia tani kumi na mbili. Alifikiri kidogo, akasema yeye anapeleka tani kumi Arusha, na nyuma ya gari lake hakuna moto. Hapo ndipo nilipocheka. Naye akacheka, na nikagundua sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake kikitoka chote.

Kesho yake barabara ilikuwa bado imefungwa. Tulipomaliza kunywa chai akaniomba nishushe kompyuta kutoka kabatini. Tukakubaliana tupeleke nyumba angani, nyumba kubwa ya vyumba sita ya kuishi watu. Nikamfafanulia kwamba wataalamu hupeleka chumba kimojakimoja na kuviunganisha hukohuko juu, kwa sababu mzigo mzito unavunja roketi. Akatikisa kichwa. "Nyumba isafiri vipande vipande, halafu nani ahangaike kuiunga kwenye baridi? Pakia yote mara moja."

Nikapakia yote. Ilifika tani mia na sitini. Ili kuinyanyua, niliipanga juu ya matangi manene, na pembeni nikaweka roketi nyingine nane kama mashina ya migomba. Tulipowasha injini, ilinyanyuka kidogo, ikaanza kutikisika kiuno, kisha ikakatika katikati. Nyumba ikaanguka juu ya moto wake.

Mume wangu hakusikitika hata kidogo. Alisogea akagusa kioo kwa kidole. "Umeifunga kama mtu anayefunga kuni. Angalia." Akanieleza jinsi wanavyofunga turubai juu ya magunia: kamba haziendi sambamba, zinapishana, ya kushoto inakwenda kukamata kulia. Kwenye mchezo kuna vyuma vyembamba vya kukazia. Nikavipanga anavyosema, vikipishana kama msalaba, kutoka tangi hadi tangi. Roketi ikapaa bila kutikisika. Nilikuwa nimefundisha sura ya nguvu na mihimili kwa miaka minne, na siku ile nilijifunza kitu kutoka kwa mtu wa darasa la saba. Nilimwambia hivyohivyo. Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Tatizo likahamia juu. Kila mara, roketi ikishapita mawingu na mwendo ukiongezeka, upepo uliisukuma ile nyumba pana iliyokaa kileleni, pua inainama, kisha chombo kizima kinapinduka. Tuliongeza mabawa chini, ikapinduka. Tukapunguza moto, ikapinduka polepole. Kazi tuligawana: mimi nashika uelekeo, yeye anashika nguvu ya injini, mikono yetu minne kwenye vitufe vichache. Katikati ya jaribio moja, bila kufikiri, nikasema, "Dereva, punguza!" Akapunguza. Roketi ilianguka, lakini neno lilibaki. Mpaka leo namwita dereva, hata mbele ya watu.

Siku ya tatu, saa sita mchana, tukasikia hodi. Alikuwa mama yake. Alikuwa ametoka Endasak kwa gari hadi penye tope, akamalizia kwa bodaboda, na gunia dogo la maharage na kuku aliyefungwa miguu. Tuliinuka wote wawili kwa pamoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu."

Macho yake yakazunguka chumba. Vyombo vya jana vilikuwa kwenye beseni. Jiko lilikuwa baridi. Mume wangu alikuwa amejifunga shuka langu la kitenge juu ya sweta kwa ajili ya ubaridi. Nilitamani sakafu ipasuke. Mama mkwe ni mtu asiyesema sana, na kwa wakwe kama hao huwezi kujua hukumu imeshatoka au bado. Nikakimbilia jiko. Nikiwa nakata kitunguu nikamsikia anamuuliza mwanawe, "Hao watatu ni nani?"

Kwenye kona ya kioo, mchezo unaonyesha sura za wanaanga walioko ndani ya roketi, kila mmoja kwenye kidirisha chake.

"Ni abiria, mama. Wanaenda kukaa kwenye ile nyumba."

"Kwa siku ngapi?"

"Mpaka tutakapowatoa."

Akasogea karibu na kioo, akauliza, "Wamefungashiwa nini?"

Nilirudi na mwiko mkononi nikamweleza, kwa heshima, kwamba kwenye mchezo watu hawali. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeniambia kazi yake imeliwa na mbuzi. "Hata mtoto anayekwenda bweni anafungashiwa," akasema. "Nyumba ya vyumba sita, na haina stoo."

Mume wangu akaniangalia. Nilimwelewa, mama yake amekuja, na mama akisema jambo, jambo limesemwa. Nikatafuta kwenye orodha ya vipande nikakuta mapipa makubwa ya kuhifadhia madini. Tukayajaza. Moja tukakubaliana ni mahindi. Mama akataka na la maharage, kwa sababu mahindi peke yake si chakula. Mzigo ukafika tani mia mbili kamili. Pembeni mwa nyumba hapakuwa na nafasi tena, kwa hiyo mapipa yote mawili niliyapachika kileleni kabisa, mbele ya nyumba, nikijua nimeharibu kila kitu. Nilifanya kwa adabu tu.

Tukarusha. Ikapita mawingu. Ikafika pale ilipokuwa inapindukia kila siku, na haikupinduka. Ilikwenda imenyooka kama mkuki.

Ilinichukua dakika nzima kuelewa. Mkuki unaruka umenyooka kwa sababu chuma kiko mbele. Roketi yetu ilikuwa nyepesi puani na upepo ulikuwa unaigeuza. Mahindi na maharage yameipa uzito pale ulipotakiwa. Nilijaribu kumweleza mama mkwe kwamba ametatua hesabu iliyonishinda siku mbili. Akasema, "Nilijua chakula kitawasaidia," akarudi kupukuchua maharage.

Ila mafuta yaliisha kabla ya kufika, maana tani arobaini za mapipa si mchezo, na chombo kikarudi kuanguka baharini. Tukaongeza roketi nne pembeni na kuzifunga kwa vyuma vya kupishana. Jaribio lililofuata umeme ulikatika na betri ya kompyuta ikazima tukiwa tumeshafika nusu. Tulikula kuku mchana huo. Mama akatusimulia jinsi baba wa mume wangu alivyobeba mlango mzima wa mbao kichwani kutoka mnadani hadi nyumbani, mlimani, kwa sababu hakutaka kumlipa mtu kazi anayoweza mwenyewe, na alivyokwama nao kwenye mlango wa zizi. Mume wangu hakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Alicheka mpaka akaacha kula.

Umeme uliporudi, asubuhi ya siku ya tano, tukakaa watatu. Kompyuta yangu ni ya zamani, na roketi yenye vipande vingi kiasi kile inaifanya itembee kama mzee anayepanda mlima. Dakika moja ya mchezo ilichukua tano zetu. Roketi za pembeni zikamaliza mafuta na kudondoka mbili mbili. "Usikanyage yote," mume wangu alikuwa anajiambia mwenyewe, "mlima ni mrefu." Nikaanza kulaza pua kidogo kidogo kuelekea mashariki. Anga ikawa nyeusi. Mama aliacha kupukuchua.

Mstari unaoonyesha njia ya chombo ulirefuka, ukapinda, ukaendelea kupinda upande wa pili wa dunia, hadi ncha zake mbili zikakutana, obiti kamili. Nikasema, "Zima." Akazima.

"Mbona kimenyamaza?" mama akauliza. "Kimeharibika?"

"Hapana, mama," mume wangu akasema. Akaonyesha ule mstari kwa kidole. "Kimefika."

Mama mkwe, asiyesema sana, aliweka ungo chini, akasimama, akapiga vigelegele virefu hadi mwenye nyumba wetu akaja dirishani kuuliza kama tumepata mtoto. Mume wangu alitoka nje bila koti, akasimama uani kwenye mvua, mikono kiunoni, akiangalia mawingu. Nilimfuata. Tulilowa wote wawili, tukarudi ndani tunatetemeka na kucheka, na mama akatugombeza kama watoto.

Barabara ilifunguka wiki iliyofuata. Mume wangu alikwenda kulichukua Fuso lake, wakaondoka pamoja, mama akiwa amekaa mbele. Siku chache baadaye mama alinipigia simu. Jumapili kanisani, kwenye maombi, alikuwa amewaombea wasafiri watatu walio juu, na mzee wa kanisa alipomuuliza ni kina nani, akajibu ni watu wa nyumbani kwa mwanawe. Sasa watu wanapita kumuuliza watarudi lini.

Ilibidi tuwashushe. Mwezi wa sita, shule zilipofunga, tulipeleka kompyuta Endasak na kuiweka juu ya meza ya mama, mchana, mlango wazi. Majirani wanne walikuja, na mzee wa kanisa pia. Parashuti zilifunguka tatu kwa pamoja, nyekundu na nyeupe, chombo kikatua majini taratibu, na abiria wote watatu wakiwa salama kwenye vidirisha vyao.

Mzee aliinama karibu na kioo kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia akauliza ni nani kati yetu aliyeendesha.

Mume wangu akanitangulia kujibu. "Huyu ndiye aliyeshika usukani, mzee. Mimi nilikuwa kwenye mafuta."

Mzee akampa kila mmoja wetu mkono, akaomba tumwonyeshe tena tangu mwanzo, na tukarudia.