Mikia Iliyoliwa Ndooni

Watu wa machinjioni walimpa mwanafunzi huyu wa kike udaktari mapema sana. Walimwita Daktari Tezi tangu siku ya kwanza alipoingia na koti jeupe, mabuti ya mpira na ndoo ya barafu yenye kifuniko, akapita katikati ya wanaume wenye visu kama mkaguzi wa gereza. Chuo hakikuwa na haraka hiyo. Chuo kilimwacha asome mpaka wenzake aliosoma nao wakaanza kupeleka watoto shule.

Alfajiri kila mtu huja machinjioni na lake. Huyu anataka maini, yule utumbo, na yule wa pembeni anataka kwato, usimwulize za nini. Daktari Tezi alitaka tezi, kinyama kimoja laini, cheupe kidogo, kinacholala kifuani mwa ndama karibu na moyo, na ambacho husinyaa mnyama akizeeka.

"Daktari, leo unapika au unasoma?" mchuna ngozi alimwuliza kila alipomwona.

"Naichemsha kwenye asidi. Njoo uonje, itakupunguzia mdomo."

Sasa msomaji asikunje pua, aelezwe bure mambo ambayo vyuoni yanauzwa ghali. Ndani ya kila seli ya mwili mna uzi wa urithi, ile DNA, mwembamba kuliko uongo wa mtoto. Ukiunyoosha unafika mita mbili, na anayebisha alete wake tuupime. Uzi huo unakaaje ndani ya kitu kisichoonekana kwa jicho? Unazungushwa kwenye vigurudumu vya protini viitwavyo histoni, kama uzi wa cherehani kwenye kibiringo. Kila histoni ina mikia inayochungulia nje, na mikia hiyo hutiwa alama. Alama hii inasema jeni hii ifunguliwe, ile inasema hii ifungwe, isisomwe. Ndiyo maana seli ya ini haiamki siku moja ikaota kucha. Tezi ya ndama imejaa seli zilizobanana, na histoni humo ni tele. Hayo tu, na mwenye kiu zaidi aende shule.

Mchinjaji mkuu pale alikuwa kaka yake. Mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala, ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Kwake, dada huyu alikuwa mboni ya jicho, na utani wa wale wanaume ulimkera kama mfupa kooni. Dada alipofika mwaka wa mwisho, ule ambao chuo kilisema hauongezwi tena hata kwa machozi, kaka alimvuta kando.

"Mdogo wangu, acha kuja kukanyaga damu alfajiri. Niachie ndoo. Nitakukusanyia mwenyewe, uje uchukue jua likishatoka, kama watu wenye heshima zao."

"Zizame kwenye barafu lakini, kaka. Palepale zikitoka."

"Nimeshika nyama kabla hujaota meno. Leo unanifundisha nyama?"

Akakubali. Usingizi wa alfajiri ni mtamu, na aliyeahidi si mpita njia, ni kaka yake wa damu.

Haukupita muda, kwenye maabara kukatokea jambo. Daktari Tezi alipotenganisha histoni zake kwenye jeli, ambamo kila protini huacha mstari wake na zilizo fupi hushuka chini zaidi, na kuzipaka rangi, chini ya mistari ya bluu aliyoizoea ulijitokeza mstari mwingine. Histoni fupi, iliyokatwa mkia. Akarudia, ukatokea. Akarudia tena, ukatokea umenenepa. Profesa wake aliruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Umeona? Seli inajikata mikia yenyewe! Inafuta alama zake! Hili dunia italisikia!"

Na dunia ilianza kulisikia, maana Profesa hakuwa na kifuniko kwenye kinywa chake. Tasnifu ikaandikwa, siku ya kuitetea mbele ya baraza ikapangwa.

Wiki ile Daktari Tezi alimnunulia kaka yake shati jeupe la kuvaa siku hiyo. Furaha ilimzidi, akalipeleka machinjioni alfajiri bila kumwarifu. Kaka hakuwepo kibandani. Ndoo ilikuwepo, kifuniko wazi. Akachungulia. Tezi zilikuwa zinaelea kwenye maji ya vuguvugu, na barafu yote imemwagwa chini, inatiririkia mfereji.

Kaka akaingia anafuta kisu.

"Kaka, barafu iko wapi?"

"Barafu?" Kaka akacheka kwa upendo. "Nyama ikitiwa barafu ingali na joto la mnyama inajikunja, inakuwa ngumu kama soli. Mchinjaji yeyote anajua hilo. Nakuwekea maji ya vuguvugu, zibaki laini, zikishapoa ndipo natia barafu nyingine kabla hujafika. Wewe ni dada yangu, nikupe nyama ngumu?"

Na kwa nyama ya kutafuna alikuwa na haki kabisa. Hapo ndipo ubaya ulipo. Lakini seli zikifa kwenye joto, vimeng'enya vyake hufunguka kama mbwa waliokatika kamba, na kitu cha kwanza kuguguna ni ile mikia ya histoni. Daktari Tezi alichukua tezi ya ndama aliyechinjwa wakati huohuo, akaizika kwenye barafu mwenyewe, akaenda nayo maabara. Mstari mpya haukuonekana. Ugunduzi wake wote ulikuwa umepikwa ndooni.

Akamweleza Profesa. Profesa alifunga mlango kwanza.

"Hiyo ndoo imo kwenye tasnifu?"

"Haimo."

"Basi isiingie. Nani ataenda kuihoji ndoo?"

Siku ya baraza kaka alikaa kiti cha nyuma kabisa, shati jeupe limembana shingo. Daktari Tezi alisimama, akasema yote: tezi, ndoo, joto, maji, mstari uliopotea. Hakumtaja mtu. Profesa alitikisa kichwa kwa huzuni ya kukodi, akasema hata yeye ndiyo kwanza anasikia. Baraza likausifu ukweli wake kwa maneno mazuri sana, kisha likamnyima shahada, na muda, likasema, hauongezwi.

Kaka alimngoja kwenye ngazi.

"Nimesikia ndoo," alisema. "Kwa hiyo ni mimi."

Angeweza kumdanganya. Mtu mwenye moyo laini angemdanganya.

"Ni wewe."

"Nilitaka ziwe laini."

"Zilikuwa laini, kaka," akasema, akampita.

Siku hizi yuko kwenye zahanati moja, anapima mikojo na makohozi, na ni hodari hasa. Kaka humpelekea nyama kwa mkono wa jirani kila anapochinja, kipande kizuri, pamoja na salamu. Nyama anaipokea. Anaipika, anaila mpaka mfupa. Jirani husimama mlangoni kidogo, akingoja neno la kurudi nalo, kisha huondoka na sahani tupu.