Shingo ya Emmah

Wangeci, jirani yangu hapa Mwiki, ndiye huwavisha marehemu suti. Ana miaka ishirini na sita, na hutengeneza picha kwenye duka la kuchapisha mjini Thika. Familia ikileta picha ya mzee akiwa na fulana iliyotoboka, yeye humtafutia koti na tai kwa kompyuta, akaiunga shingo vizuri. Siku ya mazishi watu husifu mzee alivyopendeza.

Mwezi wa tatu, Gathogo, mwenzake wa kazi, alimwonyesha simu. Ilikuwa picha ya Emmah, rafiki yao tangu chuo, akiwa uchi. Emmah hajawahi kuvua hata kiatu mbele ya Gathogo. Jamaa alikuwa amechukua picha yake ya kanisani, akaipa AI, akili bandia ya kompyuta, imvue nguo.

"Ai, hii ni ujinga," Wangeci alisema.

"Si ni AI tu! Kwani nani ameumia? Kila msee ako nazo."

Ndivyo vijana husema, kila mmoja akijiita msee, na mimi hasira hunipanda nikisikia. Wangeci naye angenyamaza, lakini fundi ni fundi.

"Halafu hapa kwa shingo inajulikana imeungwa. Kivuli imekataa."

Wakacheka. Gathogo akarekebisha kivuli, akaituma kwa grupu ya wanaume wenzake. Tangu siku hiyo Wangeci alihisi Emmah anamtazama kutoka kila picha aliyofungua, hata za wazee waliokufa.

Mwezi wa tano Emmah mwenyewe aliingia dukani, macho yamevimba. Picha ilikuwa imefika Membley, kwa wazazi wa mchumba wake. Walisema hawaleti mahari wala hakuna ruracio, ile sherehe ya mahari, mpaka wathibitishiwe si yeye.

"Wewe ndio unajua picha," alisema. "Waonyeshe tu mahali imeungwa. Tafadhali, Wangeci."

Wangeci aliikuza picha mpaka shingo ikajaa kioo chote. Akatafuta. Hakukuwa na alama yoyote.

"Kivuli ilikuwa imekataa hapa," akasema hatimaye. "Mimi ndio nilimwambia Gathogo. Akairekebisha."

Emmah alirudi nyuma hatua moja.

"Nitaenda Membley," Wangeci alisema huku akilia. "Nitawaambia."

"Utawaambia nini? Ati ulijua si mimi, na bado ukaniangalia polepole hadi ukaona kivuli?"